Jinsi ya Kupata Kamusi na Vitabu vya Rejea Vinavyofaa kwa Kujifunza Kikantoni

Anayetaka kujifunza Kikantoni, lugha ya Hong Kong, Macau na sehemu kubwa ya mkoa wa Guangdong, hukutana na tatizo kabla hajafungua somo la kwanza. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa jina la kamusi ya Kikantoni haviielezi lugha hiyo jinsi inavyosemwa, bali ni orodha za herufi za Kichina zilizowekewa matamshi ya Kikantoni pembeni. Tofauti hii huonekana ndogo dukani, lakini huamua kama baada ya mwaka mmoja utaelewana na watu au utakuwa unasema maneno ambayo hakuna anayeyatumia mezani kwake.

Chanzo cha jambo hili ni kwamba Kichina sanifu cha maandishi kimejengwa juu ya msamiati na sarufi ya Kimandarini, lugha rasmi ya China. Mtoto wa Hong Kong hufundishwa shuleni kusoma maandishi hayo kwa sauti za Kikantoni, na akifunga kitabu huzungumza kwa maneno mengine. Katika gazeti "siyo" huandikwa 不是, na akisoma kwa sauti atatamka bat1 si6 (tarakimu huonyesha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kama hatua ya tatu itakavyoeleza). Nyumbani kwake atasema m4 hai6, na huliandika 唔係 anapomtumia rafiki yake ujumbe. Kamusi yangu ya kwanza ilinifundisha bat1 si6. Niliitumia kwa wiki kadhaa, na watu walinielewa kama anavyoeleweka mtu anayezungumza kwa lugha ya barua za serikali, mpaka mama mmoja muuza chai aliponisahihisha kwa upole, akirudia m4 hai6 mara tatu ili nimsikie vizuri. Hatua zinazofuata zimepangwa ili msomaji asipoteze wiki hizo.

Hatua ya kwanza: hakikisha unachokihitaji ni Kikantoni

Wafanyabiashara wengi kutoka Afrika Mashariki huifahamu Guangzhou, na ni kweli kwamba huo ndio mji ulioipa lugha hii jina lake la kigeni, kwa kuwa wageni waliuita Canton. Hata hivyo, wauzaji wengi katika masoko ya jumla ya mji huo wametoka mikoa mingine ya China na hufanya biashara kwa Kimandarini. Kama safari zako huishia katika masoko hayo, anza na Kimandarini. Kikantoni kitakufaa ukiishi au kufanya kazi Hong Kong au Macau, ukiwa na ndugu au wakwe wanaokizungumza, ukishughulika na familia za wenyeji wa Guangzhou, au ukiwa karibu na jamii za Wakantoni walioko Kuala Lumpur, Vancouver, San Francisco na London.

Mahali utakapokitumia ndipo patakapoamua pia aina ya herufi. Hong Kong na Macau hutumia herufi za kimapokeo zenye mistari mingi, ilhali Guangzhou hutumia zilizorahisishwa. Kamusi nyingi nzuri za Kikantoni zimetungwa Hong Kong, kwa hiyo jiandae kukutana na herufi za kimapokeo.

Hatua ya pili: ipime kamusi kwa maneno madogo

Usiipime kamusi kwa idadi ya maneno yaliyotangazwa kwenye jalada. Nenda dukani na orodha fupi ya maneno ya kila siku ambayo kwayo Kikantoni hutofautiana na Kimandarini, kisha uyatafute moja baada ya jingine:

佢 keoi5, yeye
唔 m4, neno la kukanusha
冇 mou5, kutokuwa na kitu
嘢 je5, kitu
瞓 fan3, kulala
攰 gui6, kuchoka
遮 ze1, mwavuli
雪櫃 syut3 gwai6, jokofu

Kamusi ya kweli ya Kikantoni itakuwa nayo yote. Neno la mwavuli linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu herufi 遮 imo pia katika Kichina sanifu kwa maana ya kufunika au kukinga. Ukiona maana hiyo tu bila mwavuli, ujue mtunzi amenakili kamusi ya Kimandarini na kubadili matamshi. Vilevile, ukitafuta "kulala" ukapewa 睡 seoi6 peke yake, kirudishe kitabu kwenye rafu.

Kipo kipimo kingine cha haraka kwa kamusi iliyopangwa kwa mashina ya herufi, yaani zile sehemu 214 ambazo kamusi za Kichina zimezitumia kuainisha herufi tangu karne ya 17. Fungua sehemu ya shina la kinywa, 口. Maneno mengi ya Kikantoni cha mazungumzo huandikwa kwa kuweka kinywa kidogo upande wa kushoto wa herufi iliyoazimwa kwa ajili ya sauti yake: 唔, 嘅, 咗, 喺, 啲, 嚟. Sehemu hiyo ikikosa herufi hizo, huhitaji kuendelea kuichunguza kamusi hiyo.

Hatua ya tatu: chagua mfumo mmoja wa kuandika matamshi

Herufi ya Kichina haikuonyeshi kwa uhakika inavyotamkwa, kwa hiyo kila kamusi ya wanafunzi hutumia mfumo wa herufi za Kilatini. Mifumo ni mingi, na kuichanganya ni hasara kubwa. Miwili ndiyo muhimu zaidi kwa mwanafunzi wa leo. Wa kwanza ni Jyutping, uliotolewa na Chama cha Isimu cha Hong Kong mwaka 1993, ambao huandika toni kwa tarakimu 1 hadi 6, na ndio niliotumia katika mwongozo huu. Wa pili ni mfumo wa Yale, ambao huonyesha toni kwa alama juu ya irabu na kuongeza herufi h kwa toni za chini. Neno si lenye toni sita huandikwa si1, si2, si3, si4, si5, si6 katika Jyutping, na katika Yale huwa sī, sí, si, sìh, síh, sih. Toni hizo si pambo: si1 ni shairi, si2 ni historia, si3 ni kujaribu, si4 ni wakati, si5 ni soko na si6 ni jambo.

Mtego uko katika herufi j. Katika Jyutping j husomwa kama y ya Kiswahili, kwa kufuata desturi ya wanaisimu, hivyo "mtu" ni jan4. Katika Yale neno hilohilo ni yàhn. Anayelitafuta chini ya J katika kamusi ya Yale hatalipata, na atakutana badala yake na jān, ambalo ni neno jingine lenye maana ya "kweli". Kadhalika c ya Jyutping ni ch ya Yale, na z ya Jyutping ni j ya Yale.

Ushauri wangu ni kuanza na Jyutping, kwa sababu kamusi za kidijitali na kibodi nyingi za Kikantoni zimeufuata, kisha kujifunza kusoma Yale ndani ya wiki moja, kwa kuwa vitabu bora vya sarufi vimeandikwa kwa mfumo huo. Kamusi za zamani za Hong Kong hufuata mfumo wa Sidney Lau, na zile za China bara hufuata mara nyingi mfumo wa Guangdong wa mwaka 1960. Hii miwili usijifunze mpaka kitabu fulani kikulazimishe.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana urithi ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza haviutambui. Vitabu hivyo hutumia kurasa kueleza jinsi ya kuanza neno kwa sauti ya ngo5, "mimi". Hiyo ni ng' ya ng'ombe, na kurasa hizo unaweza kuziruka. Aliyelelewa Mombasa au Lamu ana faida zaidi, kwa sababu hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni, au kaa la moto na k'aa wa baharini, kwa mpumuo unaofuata konsonanti. Tofauti hiyohiyo ndiyo inayotenganisha b na p, d na t, g na k katika Jyutping: b si b ya baba, ni p isiyo na mpumuo. Jambo ambalo Kiswahili hakikutuandalia ni urefu wa irabu ndani ya silabi iliyofungwa, yaani ile ambayo irabu yake hufuatwa na sauti nyingine. Gaai1 ni barabara, na gai1 ni kuku. Kwa hilo tafuta kamusi yenye sauti.

Hatua ya nne: anza na kamusi za bure

Kabla ya kutoa fedha, tumia zile zisizolipiwa mpaka ujue zinapokuishia. Ninayoiweka mbele ni words.hk, ijulikanayo kwa Kichina kama 粵典, kamusi inayojengwa kwa pamoja na watu wa kujitolea wa Hong Kong. Ubora wake ni kwamba hueleza neno la Kikantoni kwa Kikantoni, kisha kwa Kiingereza, na kuweka mifano ya sentensi zenye Jyutping. Mwanzoni utasoma Kiingereza tu, lakini kadiri unavyoendelea utaanza kusoma maelezo yenyewe, na hapo kamusi hugeuka kuwa kitabu cha kusoma.

CantoDict ni ya zamani kidogo na nayo ilijengwa na wanafunzi na wazungumzaji kwa pamoja. Huonyesha kama neno ni la Kikantoni pekee, la Kimandarini pekee, au la zote mbili. Kwa mwanafunzi anayetaka kuepuka kosa la bat1 si6, taarifa hiyo ina thamani kuliko maelfu ya vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa na kuelezwa katika kamusi. Kwenye simu, programu ya Pleco hupokea kamusi ya bure iitwayo CC-Canto, na hukuruhusu kuandika herufi kwa kidole pale unapoliona neno kwenye bango usijue sauti yake.

Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong kina hifadhidata ya herufi na matamshi yake ya Kikantoni, inayotenganisha matamshi mbalimbali ya herufi moja kwa kutoa maneno ambamo kila tamko hutumika. Ni ya kuaminika sana kwa kusomea, ila kumbuka kwamba ni rejea ya herufi. Usiende huko kuuliza watu husemaje.

Hatua ya tano: soma kidahizo kimoja mpaka mwisho

Hapa ndipo kamusi nzuri hujitenga na ya kawaida, na ningependa msomaji atumie muda. Chukua neno la fedha, 錢. Kamusi ya herufi itakuambia ni cin4. Lakini ukimuuliza muuzaji bei, utasema gei2 do1 cin2, na toni imepanda kutoka ya nne hadi ya pili. Badiliko hili hutokea katika maneno mengi ya kila siku: samaki, jyu4 katika usomaji, huwa jyu2 sokoni na mezani. Kamusi isiyotaja badiliko la toni itakufundisha kutamka vibaya huku ikiwa sahihi kwa herufi.

Kisha tafuta 平. Kwa sauti ya ping4 hupatikana katika maneno ya usawa na amani. Kwa sauti ya peng4 maana yake ni "rahisi kwa bei". Herufi nyingi zina sauti mbili za namna hii, moja ya maandishi na nyingine ya mazungumzo, na anayefanya biashara akijua ping4 peke yake hatapata punguzo.

Tatu, angalia kama nomino imepewa neno lake la kuhesabia. Sisi tulio na ngeli hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Kamusi ya Kiswahili isiyoonyesha ngeli ya nomino ingemwacha mgeni akisema "kitabu yangu", na Kikantoni nacho kina mpangilio wake: vitabu huhesabiwa kwa bun2, samaki kwa tiu4, kuku kwa zek3, mwavuli kwa baa2. Tena neno hilo hufanya zaidi ya kuhesabu. "Kitabu changu" ni ngo5 bun2 syu1, ambapo bun2 imekaa katikati ya "mimi" na "kitabu" na kuviunganisha, kama ile ch ya "changu" inavyofanya kwetu. Kwa hiyo kamusi isiyotoa maneno ya kuhesabia haifai kwa mwanafunzi, hata ikiwa na vidahizo laki moja.

Mwisho tazama kama mtunzi ameonya kuhusu maneno ya matusi, ya kizamani au ya maandishi tu, na kama kuna mfano wa sentensi. Kamusi inayotoa tafsiri ya neno moja kwa neno moja inafaa kwa msafiri wa siku tatu.

Hatua ya sita: nunua kamusi moja ya kuchapwa

Nikiulizwa ni ipi, hujibu bila kusita: ABC Cantonese-English Comprehensive Dictionary ya Robert S. Bauer, iliyochapishwa na University of Hawai'i Press mwaka 2020. Ina vidahizo zaidi ya 15,000 vya Kikantoni cha Hong Kong, vimepangwa kialfabeti kwa Jyutping, hivyo unaweza kutafuta neno ulilolisikia bila kuijua herufi yake. Huvuka kutoka Kikantoni kwenda Kiingereza.

Kwa safari ya kurudi, yaani kutoka Kiingereza kwenda Kikantoni, kamusi ya Parker Po-fei Huang iliyotolewa na Yale University Press mwaka 1970 ina pande zote mbili, kwa mfumo wa Yale. Ile ya Sidney Lau ya mwaka 1977, iliyochapwa na mpigachapa wa serikali ya Hong Kong, ina mifano mizuri sana ya matumizi, na nimeipenda kwa miaka mingi. Zote mbili ni za umri, kwa hiyo usitarajie neno la simu ya mkononi. Zitafute katika maktaba za vyuo vikuu na kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Ukiwa Hong Kong, ingia katika maduka ya Commercial Press, Chung Hwa na Joint Publishing, au panga safari yako iangukie Julai, wakati wa maonyesho ya vitabu ya kila mwaka huko Wan Chai. Chunguza mwaka wa toleo kabla ya kulipa, kwa sababu kitabu kilichochapwa upya jana huweza kuwa na maneno ya nusu karne iliyopita.

Kuhusu kamusi za wamisionari na wasomi wa karne ya 19, kama ya Robert Morrison ya mwaka 1828 na ya Samuel Wells Williams ya mwaka 1856, zinasomeka bure mtandaoni, na anayependa historia ya lugha atazifurahia kama sisi tunavyofurahia kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 kwa maneno ya Kimvita iliyoyahifadhi. Usijifunzie matamshi humo. Kamusi ya Williams hutenganisha makundi mawili ya sauti, ts na ch, ambayo katika Kikantoni cha leo yameungana kuwa moja.

Hatua ya saba: jifunze kutafuta ulichokisikia, hata kisipokuwa kilichoandikwa

Wanafunzi wengi huilaumu kamusi kwa kukosa neno ambalo limo. Sababu ni kwamba wazungumzaji wengi, hasa wa Hong Kong, hutamka tofauti na kamusi inavyoandika. N ya mwanzo huwa l: "wewe" ni nei5 katika kamusi, na utaisikia lei5 mitaani kila siku. Ng' ya mwanzo hudondoka, ngo5 ikabaki o5. Gw mbele ya o hupoteza w yake, na gwok3, "nchi", husikika gok3.

Kwa hiyo ukilikosa neno, fuata utaratibu huu. Liandike kama ulivyolisikia, bila tarakimu ya toni, kwa sababu kamusi za kidijitali hukubali utafutaji usio na toni na sikio la mgeni hukosea toni kuliko konsonanti. Ukilikosa, badilisha l iwe n. Kama limeanza kwa irabu, tanguliza ng. Kama kuna g ikifuatiwa na o, jaribu gw. Halafu badili a iwe aa, au kinyume chake. Majaribio haya manne hayachukui hata dakika moja, nami hulipata neno kwa njia hiyo mara nyingi kuliko kwa kumwomba mtu arudie.

Hatua ya nane: usiiache sarufi

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, nunua sarufi, na kamusi utumie zile za bure. Cantonese: A Comprehensive Grammar ya Stephen Matthews na Virginia Yip ilitoka mwaka 1994, na toleo la pili likafuata mwaka 2011. Hutumia mfumo wa Yale. Waandishi haohao wana vitabu viwili vya mazoezi, Basic Cantonese na Intermediate Cantonese, vinavyofaa kwa anayeanza. Asiye na fedha kabisa anaweza kutumia Cantonese Basic Course, kozi ya mwaka 1970 ya chuo cha wanadiplomasia cha Marekani, ambayo pamoja na sauti zake hupatikana bure mtandaoni. Mazungumzo yake ni ya zamani, lakini mazoezi yake ya toni bado ni ya kutegemewa.

Sababu ya kuitanguliza sarufi ni kwamba Kikantoni huweka mambo mengi katika vijineno ambavyo kamusi haiwezi kuvieleza kwa mstari mmoja. Zo2 huandama kitenzi karibu kama -me- yetu, na gan2 huonyesha tendo linaloendelea. Mwisho wa sentensi huja vijineno vinavyobeba msimamo wa msemaji: mshangao, ombi, uhakika, shaka. Kamusi dhaifu huviandikia "kijineno cha mwisho wa sentensi" na kunyamaza. Kitabu cha Matthews na Yip kimevitengea sura nzima, na humo ndimo nilimoielewa wo5, ambayo msemaji huiweka kuonyesha kwamba maneno si yake, ameyasikia kwa mwingine. Keoi5 m4 lei4 wo5: eti haji.